Kisukari cha panya na kisukari cha shangazi

Juu ya meza ya shangazi yangu, nyumbani kwake Tanga, halikosekani jagi la plastiki lenye maji ya kijani. Ni karela mbili mbichi zilizosagwa kwenye blenda na kuchujwa kwa chujio la chai; ukisogeza pua tu ulimi unakunjamana. Pembeni yake kuna kopo la unga wa majani ya mlonge, mfuko wa uwatu, na kopo jingine lisilo na lebo aliloletewa na jirani, unga wa kokwa za zambarau. Vidonge vyake vya kisukari, metformini, viko kwenye droo, chini ya risiti za zamani za luku.

Siku niliyokwenda kumsalimia, baada ya shikamoo na marahaba, alinionyesha simu. Ujumbe ulikuwa umepita makundi kadhaa ya WhatsApp kabla ya kumfikia: wanasayansi wamethibitisha kwamba mlonge, karela na mwarobaini vinaponya kisukari kwa kuondoa sumu mwilini. Akaniuliza, "Mwanangu, hapa wameandika wanasayansi. Na huyo daktari wa kliniki si mwanasayansi? Mbona ananikataza?"

Swali lilikuwa la haki, na jibu lake refu kuliko nilivyoweza kumpa nikiwa nimeshikilia glasi ya karela. Ujumbe ule haukuwa uongo mtupu. Ukifungua majarida ya sayansi utakuta tafiti nyingi mno za mimea na kisukari, zimefanywa na watu makini, na nyingi zinasema mmea fulani "ulishusha sukari". Kazi ni kujua uliishusha wapi, kwa nani, na kwa kipimo gani.

Kwanza sukari yenyewe, kwa ufupi, maana haya kliniki huyasema vizuri. Katika aina ya kwanza, kinga ya mwili inaziua seli beta za kongosho, ambazo ndizo kiwanda cha insulini. Mtoto akiugua hivyo kabla ya Januari 1922, mwezi ambao kijana wa miaka 14 alichomwa insulini kwa mara ya kwanza kule Toronto, wazazi hawakuwa na la kufanya ila kumtazama akidhoofu. Katika aina ya pili, ambayo ndiyo ya shangazi na ya wengi wetu, insulini ipo ila ini na misuli haviitikii wito wake. Kongosho linaongeza juhudi mwaka baada ya mwaka, hadi linachoka. Asubuhi kabla ya kula, sukari ya milimoli 7.0 kwa lita ya damu na kuendelea ni kisukari. Kwa kile watu wanachokiita kipimo cha miezi mitatu, ni asilimia 6.5 na kuendelea.

Biringanya na ndimu

Neno lililobebeshwa mzigo mzito kwenye ujumbe wa shangazi ni "sumu". Wanachokusudia ni kitu kiitwacho msongo wa oksidishaji. Mashine za kutafsiri zimekitesa sana kitu hiki. Niliwahi kusoma ukurasa wa Kiswahili uliosema mlonge unapambana na "itikadi kali", nikadhani nimeingia kwenye habari za ulinzi na usalama. Kumbe mwandishi alikuwa na maana ya radikali huru, zile ambazo Kiingereza huziita "free radicals".

Jambo lenyewe unaliona jikoni. Kata biringanya uliache juu ya ubao: baada ya dakika chache nyama yake nyeupe inaanza kuwa ya kahawia. Oksijeni ya hewani imeshaanza kazi. Ukiwahi kulikamulia ndimu litabaki jeupe kwa muda, kwa sababu asidi na vitamini C vya ndimu vinaizuia kazi hiyo. Ndani ya miili yetu nako oksijeni ina makali yake. Seli zinapochoma sukari na mafuta kupata nguvu, kazi inayofanyika ndani ya vijumba vidogo vya mitokondria, baadhi ya elektroni huchopoka njiani na kuiangukia oksijeni. Inapatikana molekuli yenye elektroni isiyo na mwenzake, nayo haitulii: itamvamia jirani yeyote, iwe mafuta ya ukuta wa seli, protini au DNA. Aliyevamiwa naye hukosa utulivu akamvamia mwingine. Hizo ndizo radikali huru.

Mwili hauzikodolei macho tu. Una vimeng'enya vya kuzizima, una glutathioni inayotengenezwa ndani ya seli zenyewe. Msongo ni pale moto unapowazidi wazimaji, na kwa mgonjwa wa sukari huwazidi kweli. Mwaka 2001 Michael Brownlee, mtafiti wa New York, alieleza kwenye jarida la Nature jinsi sukari nyingi inavyoifanya mitokondria ya seli za mishipa ya damu itoe radikali kupita kiasi, na jinsi hilo linavyofungua kwa pamoja njia kadhaa za uharibifu zinazokwenda kuishia machoni, kwenye figo na kwenye neva za miguu.

Kwa hiyo uhusiano wa kisukari na msongo wa oksidishaji upo, si wa kubuni. Na ni rahisi kuona wazo linalofuata: kama radikali ndizo zinazoharibu, mpe mgonjwa mimea yenye vitu vya kuzizima, yaani antioksidanti. Majani ya mlonge yanazo, manjano inazo, karafuu imejaa, hata chai ya rangi ya asubuhi inazo.

Kipimo chake cha maabara nacho kinapendeza macho. Mtafiti anayeyusha kwenye methanoli unga uitwao DPPH, na maji yote yanakuwa ya zambarau iliyokolea, kama wino wa zamani. Anadondoshea dondoo la majani, yaani vitu vilivyovutwa kutoka kwenye majani kwa maji au kemikali. Zambarau inafifia, inageuka njano, na kiwango cha kufifia ndicho anachokiandika. Ni kipimo cha bei nafuu, kinafanyika kwa nusu saa, ndiyo maana kimejaa kwenye tasnifu za vyuo vyetu. Lakini tazama kilichothibitishwa: jani hili linaweza kuikabidhi elektroni kemikali moja ndani ya kijichupa cha kioo. Humo hamna tumbo, hamna ini la kulivunjavunja dondoo hilo, wala hamna damu. Kahawa nayo inafaulu mtihani huo, na divai nyekundu pia. Idara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa na orodha kubwa ya vyakula iliyopangwa kwa kipimo cha jamii hiyo, na mwaka 2012 ikaiondoa mtandaoni, ikisema wauzaji wanaitumia vibaya na kwamba namba zile haziwezi kutabiri kinachotokea mwilini.

Panya huyu aliugua vipi?

Baada ya kioo huja panya, na hapa ningemwomba msomaji akae kitako, kwani ndipo kamba inapojifunga fundo.

Panya wa maabara hapati kisukari kwa kula chapati na soda miaka ishirini. Hupewa kisukari, mara nyingi kwa sindano moja. Kemikali zinazotumika sana ni alloksani, ambayo tangu mwaka 1943 inajulikana kuleta kisukari kwa wanyama, na streptozotosini, iliyotokana na bakteria wa udongoni. Zote mbili zina sura ya kuidanganya seli beta, nayo inazifungulia mlango ikidhani ni glukosi. Zikishaingia, zinaua. Baada ya siku mbili tatu sukari ya panya iko juu, na mtafiti anaanza kumnywesha dawa ya mmea; wengine huanza hata kabla ya sindano.

Sasa uliza alloksani inaua kwa njia gani. Inaua kwa kuzalisha radikali huru ndani ya seli beta, ambazo zina wazimamoto wachache kuliko seli za ini, kwa hiyo zinaungua upesi. Maana yake ugonjwa wa panya huyu umetengenezwa, tangu mwanzo wake, kwa msongo wa oksidishaji. Mpe antioksidanti kabla ya sindano na seli kadhaa zitaokoka, sukari haitapanda sana, na mtafiti ataandika bila kudanganya kwamba mmea ulipunguza sukari kwa panya wenye kisukari. Alichokionyesha hasa ni kwamba mmea unaweza kumkinga panya na alloksani.

Shangazi hakuchomwa alloksani. Na hata angechomwa, seli beta za binadamu huistahimili kuliko za panya, kwa sababu ule mlango inaopitia kwa panya kwetu ni haba. Kisukari chake kimetokana na miaka mingi, na kiuno, na urithi wa babu, na insulini iliyokosa wa kuisikiliza. Kwenye utafiti yote mawili huandikwa kwa neno moja, kisukari, na neno hilo likifika kwenye simu yake hakuna anayemwambia ni kisukari cha nani.

Halafu kuna dozi. Katika tafiti hizi panya hupewa sana miligramu 200 hadi 400 za dondoo kwa kila kilo ya uzito wake. Ukipeleka hesabu hiyo moja kwa moja kwa mtu wa kilo 70 unapata gramu 14 hadi 28 kwa siku. Hata ukigawanya kwa sita, kama kanuni ya kulinganisha panya na mtu inavyotaka, zinabaki gramu mbili na kitu hadi karibu tano. Tena hizo ni gramu za dondoo lililokaushwa, si za majani. Gramu mbili za dondoo zinaweza kuhitaji gramu ishirini za majani makavu. Na dondoo lenyewe mara nyingi limetolewa kwa methanoli au ethanoli, vinavyovuta vitu ambavyo maji ya moto hayavivuti. Shangazi anachemsha kwa maji, kijiko kimoja. Kilichomo kwenye kikombe chake na kilichomo kwenye utafiti vimetoka mti mmoja, basi.

Simdharau panya. Bila mbwa wa Toronto tusingekuwa na insulini. Panya huonyesha pa kuchimba. Nisichokubali ni kuuza kisima kabla hakijatoa maji.

Walipojaribiwa watu

Antioksidanti zenyewe, zikiwa safi na zimepimwa kwa miligramu, zimejaribiwa kwa watu, na kwa maelfu. Huko Finland wavutaji sigara 29,133 waligawiwa beta-karotini, vitamini E, zote mbili, au kidonge kisicho na kitu, na matokeo yakachapishwa mwaka 1994. Waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao, kwa asilimia 18. Mwaka 2000 yalitoka matokeo ya jaribio la HOPE: watu zaidi ya 9,500 wenye maradhi ya moyo, au kisukari kikiambatana na hatari nyingine, walifuatiliwa kwa zaidi ya miaka minne. Vitamini E haikuwapunguzia mshtuko wa moyo, kiharusi wala kifo.

Jaribio linalonifurahisha zaidi ni dogo, lilifanyika Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2009. Vijana walifanyishwa mazoezi kwa wiki nne, nusu yao wakimeza vitamini C na E. Wasiomeza, miili yao ilianza kuisikia insulini vizuri zaidi. Waliomeza hawakupata faida hiyo. Ikaonekana kwamba zile radikali chache zinazotoka kwenye misuli wakati wa mazoezi ndizo zinazouambia mwili ujirekebishe, na vitamini vilinyamazisha ujumbe kabla haujafika. Seli nyeupe za damu nazo huua vijidudu kwa radikali hizohizo. Kitu tunachokiita sumu na kukimbizana nacho kumbe kina kazi nyumbani, na kukiondoa chote si jambo la kuombea.

Tuje kwenye mimea. Mdalasini ulipata bahati mwaka 2003: wagonjwa 60 nchini Pakistan, gramu moja, tatu au sita kwa siku 40, na sukari yao ikashuka kwa asilimia 18 hadi 29. Habari ikazunguka dunia. Mwaka 2012 wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, wakakusanya majaribio kumi yenye watu 577, wakayaweka kwenye mzani mmoja, na tofauti ya kuaminika haikuonekana, si kwenye sukari ya asubuhi wala kwenye kipimo cha miezi mitatu. Na kama unaamua kuutumia kwa wingi, tazama gome. Mdalasini wa kweli ni mwembamba, umejikunja tabaka juu ya tabaka kama sigara. Ule mnene, mgumu, wenye tabaka moja ni kasia, na una kumarini nyingi, kitu kinachoweza kuumiza ini kikitumika kila siku.

Zambarau zilikuwa dawa ya kisukari hata kwenye maduka ya dawa ya Ulaya kabla ya insulini. Kule Brazil, ambako watu hunywa chai ya majani yake, watafiti wa Porto Alegre waliilinganisha chai hiyo na kidonge cha kisukari kiitwacho glibenklamidi. Kidonge kilishusha sukari, chai haikushusha. Karela ilifanya vyema kidogo: Thailand, mwaka 2011, gramu mbili za unga wake kwa siku zilishusha sukari kwa kipimo kimojawapo, ila chini ya gramu moja ya metformini.

Uwatu ndio ninaoupenda mimi, na sababu yake haina muujiza. Loweka kijiko kimoja usiku. Asubuhi maji yanateleza kama mlenda. Ute ule unakizunguka chakula tumboni, sukari inaingia kwenye damu polepole. Watafiti wa Hyderabad waliochapisha mwaka 1990 waliona nafuu kubwa kwa wagonjwa wa aina ya kwanza, wakiwa kwenye insulini yao. Dozi? Gramu 100 za unga kwa siku, uliotolewa mafuta. Kijiko cha chai cha mbegu hakizidi gramu nne. Yaani wagonjwa wale walikula vijiko kama ishirini na tano na zaidi, kila siku. Nani ataweza, na jasho linavyonuka kwa uwatu wa siku mbili tu? Lakini kijiko kimoja chako hakikudhuru, na maharage, mlenda wenyewe na mboga za majani zinafanya kazi ya jamii hiyohiyo.

Kisha kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji kabisa: kushusha sukari peke yake si sifa. Jamaika wana tunda liitwalo ackee, asili yake Afrika Magharibi. Likiliwa kabla halijapasuka lenyewe mtini, lina haipoglisini, sumu inayozuia mwili kuchoma mafuta na ini kutengeneza sukari mpya. Sukari ya mlaji inaporomoka, na watoto wamekufa hivyo, kwa kutapika na degedege. Ukimpa panya haipoglisini utaweza kuandika ripoti nzuri sana ya mmea unaoshusha sukari.

Mti ukishakuwa kidonge

Kinachonichekesha katika mvutano wa "dawa za hospitali" na "miti shamba" ni kwamba vidonge vilivyofichwa chini ya risiti za luku vina ukoo na mti shamba. Galega officinalis ni mmea wa Ulaya wenye maua ya urujuani, uliotumika kwa karne nyingi kama dawa. Una galejini, jamaa ya kemikali ya guanidini. Galejini inashusha sukari kweli, ilijaribiwa kwa wagonjwa miaka ya 1920, ila ilikuwa na sumu na ikaachwa. Kondoo wakila galega kwa wingi hufa.

Mwaka 1922, Emil Werner na James Bell wa Dublin walitengeneza kemikali ya ukoo uleule, metformini, bila kumfikiria mgonjwa wa kisukari. Ikakaa rafuni. Miaka ya 1940 daktari mmoja wa Ufilipino, Eusebio Garcia, aliitumia kutibu mafua, na habari kwamba inashusha sukari zikamfikia Mfaransa Jean Sterne, aliyechapisha matokeo yake kwa wagonjwa mwaka 1957. Marekani hawakuiidhinisha hadi Desemba 1994, kwa sababu ndugu yake, fenformini, alikuwa ameua watu kwa kuwajaza asidi ya laktiki mwilini na kuondolewa sokoni miaka ya 1970. Kutoka jani linaloua kondoo hadi kidonge cha miligramu 500 kinachojulikana kwa nani kinafaa, kwa nani hakifai, na figo zikiwaje kisimamishwe: hiyo ndiyo safari. Mlonge haujaianza vizuri. Si kwamba umeshindwa; haujatembezwa.

Mfano wa pili ni mtamu zaidi. Mwaka 1835 wakemia wa Ulaya walipata florizini kwenye gome la mizizi ya mti wa tofaa. Mwaka 1886 von Mering, Mjerumani, akaonyesha kwamba ukimpa mnyama florizini anakojoa sukari. Figo zake zinaiacha sukari ipite badala ya kuirudisha kwenye damu. Ungedhani dawa imepatikana. Tatizo ni kwamba ukiila, utumbo unaikata vipande kabla haijafika kwenye figo, na njiani inaleta kuhara. Ilibidi molekuli ibadilishwe, na zikapita zaidi ya miaka 170 tangu gome lile hadi dawa iitwayo dapagliflozini kuruhusiwa Ulaya mwaka 2012. Leo jamii hiyo ya dawa inalinda pia moyo na figo. Mtu angekunywa supu ya mizizi ya tofaa maisha yake yote asiyapate hayo.

Na wakati mwingine unatafuta dawa ya sukari unapata nyingine. Ule mmea wa maua madogo ya waridi na meupe, vinka ya Madagaska, unaoota hata kwenye mchanga wa pwani, ulikuwa ukinywewa kama chai ya kisukari huko Jamaika. Mwaka 1952 bahasha ya majani yake ilitumwa Kanada. Robert Noble na Charles Beer walipowapa panya, sukari haikutikisika, lakini seli nyeupe za damu zilipungua vibaya. Humo ikatoka vinblastini, dawa ya saratani, na baadaye vinkristini inayotumika kwa watoto wenye saratani ya damu. Chai ya kisukari haikutibu kisukari. Wazee walikosea ugonjwa, hawakukosea mmea.

Mahali hatari ilipo

Mtu mzima mwenye sukari ya aina ya pili anayekunywa uwatu huku akimeza vidonge vyake hanitii wasiwasi. Ninaowahofia ni wengine.

Wa kwanza ni mtoto au kijana wa aina ya kwanza ambaye mzazi ameshawishiwa aache sindano. Hapo hatuzungumzii miezi. Ndani ya siku chache damu inajaa asidi, mtoto anapumua kwa kasi, ananuka mdomoni kama matunda yaliyoiva sana, anapoteza fahamu. Hakuna mmea unaojulikana unaochukua nafasi ya insulini.

Wa pili ni anayechanganya bila kusema. Mwaka 1979 jarida la Lancet liliripoti habari za mwanamke aliyekuwa akila karela kwenye mchuzi huku akimeza klorpropamidi, dawa ya kuisukuma kongosho itoe insulini, na sukari yake ikashuka kuliko ilivyotarajiwa. Glibenklamidi, ambayo wengi wanaijua kama Daonil, ni ya ukoo huo. Ukiongezea jagi la karela, ukakosa chakula cha mchana, jasho jembamba na kutetemeka kunakoanza saa tisa alasiri si uchovu. Mbegu za karela nazo zina vaisini, kitu cha kuogopwa na wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, hali ambayo haikosekani katika nchi za malaria kama zetu.

Wa tatu hana habari kabisa kwamba anachanganya. Singapore, miezi ya mwanzo ya 2008, watu 150 walilazwa wakiwa na sukari iliyoporomoka, na wanne walikufa. Wengi hawakuwa na kisukari. Walikuwa wamemeza dawa za nguvu za kiume, baadhi zikiuzwa kama za asili, na ndani yake mlikuwa na glibenklamidi. Kwa hiyo unga wa "miti shamba" ukishusha sukari yako kutoka 18 hadi 6 kwa siku mbili, kabla ya kumshukuru muuzaji jiulize kuna kidonge gani kimesagwa humo.

Tunakumbuka pia mwaka 2011, kijiji cha Samunge kule Loliondo, foleni ya magari ya kilomita na kilomita kwenda kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Kisukari kilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyotajwa. Mti uliochemshwa, mugariga, ni dawa ya asili inayojulikana kwa jamii nyingi, na mzee mwenyewe hakumtoza mtu bei ya kumfilisi. Lakini kikombe kilikuwa kimoja, na kisukari ni cha kila siku. Wapo waliorudi nyumbani wakaacha dawa kwa kuwa walijisikia vizuri, na mwenye sukari ya 14 anaweza kabisa kujisikia vizuri huku macho yake yakiliwa taratibu.

Kujisikia, basi, si kipimo. Nilimwambia shangazi tupime. Tulinunua mashine ya kuchoma kidole na daftari la mistari. Asubuhi ya kwanza, kabla ya chai, ilisoma 12.4. Vidonge vikatoka kwenye droo vikahamia kando ya jagi, na akarudi kliniki kueleza ukweli kwamba alikuwa akivimeza siku akikumbuka. Mwezi mmoja na nusu baadaye tukaanza mchezo wetu: wiki mbili vidonge na jagi, wiki mbili vidonge bila jagi, kila asubuhi namba moja.

Wastani wa wiki za jagi ulikuwa 8.1. Bila jagi, 8.3.

"Umeona?" akasema. "Imeshuka."

Nikamweleza kwamba mashine zenyewe huruhusiwa kukosea hadi asilimia 15, kwa hiyo ile tofauti ya 0.2 inaweza kuwa upepo tu. Akafikiri, akavaa miwani, akazipitia namba zote upya kwa kidole. Kisha akalichukua jagi akalimwaga kwenye sinki, karela zilizobaki akazikata vipande vyembamba, akazitia chumvi zitoe uchungu na kuzikaanga kwa vitunguu. Zilikuwa tamu. Daftari likabaki mezani, limefunguliwa ukurasa mpya ambao juu yake alikuwa ameandika, kwa herufi zake kubwa za kulala, ZAMBARAU, na chini yake: kijiko kimoja au viwili? Muulize daktari.